Joto la Dar limekolea: mchana barafu ya ubuyu, usiku aiskrimu. Anayepinga aje na hoja

#1 MvukaFeri (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Kaskazi imetukalia kooni. Mchana nyuzi 32, usiku unategemea kutapoa unakuta bado 25, na feni inakuzungushia hewa ileile ya moto. Kuanzia Desemba hadi masika yaanze kunyesha Machi, sisi wa Dar tunaishi kwa vitu vya baridi, na ninavyoona wengi wetu tunavila ovyo ovyo, bila kuangalia saa wala mahali.

Msimamo wangu ni huu. Jua likiwa juu, kula barafu ya uchachu: ubuyu, ukwaju, pasheni, embe ng'ong'o. Aiskrimu ya maziwa isubiri jua lizame.

Kwanza, kiu. Aiskrimu ina mafuta ya maziwa na sukari ya kutosha. Ile koni ya saa nane mchana pale Kariakoo inakupoza mdomo tu, ukifika Msimbazi unatafuta maji. Ubuyu na ukwaju vina ule ukali unaotoa mate, koo linalainika na kiu inakatika kweli.

Pili, aiskrimu haikusubiri. Sehemu kubwa ya ujazo wa koni ya mashine ni hewa iliyopigwa ndani, ndiyo maana ni laini vile, na kwa kuwa haijagandishwa sana, ikikutana na jua la Dar inateremka mpaka kwenye kiwiko kabla hujavuka barabara. Sasa umeshika begi mkono mmoja, simu mkono mwingine, daladala inaita. Unakula saa ngapi?

Barafu ya kifuko haina makuu. Unaiviringisha viganjani mpaka ilegee, unang'ata kona, unatema kile kipande cha nailoni (tafadhali siyo chini), unaanza kunyonya. Ya ubuyu huanza nyepesi, ukikaribia mwisho unakutana na ule unga uliotuama, mzito, mkali, unaokufanya ufumbe jicho moja. Mtaani kwetu mia mbili. Nikiwa kwenye foleni ya pantoni pale Magogoni, nguo imeshikana na mgongo, hakuna kitu kingine chochote ninachokitaka.

Aiskrimu ni ya usiku. Umeshaoga, umevaa fulana kavu, upepo wa bahari umeanza, umekaa Coco Beach au barazani kwako. Hapo inakaa kwenye bakuli na wewe unapata muda wa kuionja.

Karibuni.

#2 Kisoda_Cha_Soda

Nipo hapa nimekaa, ngoja waje.

#3 MamaBarafuMbagala

Mtoa mada umeongea. Mimi nauza, kwa hiyo nitawaambia kitu ambacho wateja hawakijui.

Barafu ya ubuyu nzuri haiwi ngumu kama jiwe. Ukiing'ata ikakugonga jino, aliyetengeneza kabania ubuyu na sukari, kagandisha maji yenye rangi. Sukari ndiyo inayozuia maji yasikaze sana, na ubuyu wenyewe una ule utelezi wa asili unaoifanya iwe laini. Lakini ukizidisha sukari nayo haigandi, inabaki uji.

Mimi kwa lita moja ya maji naweka kikombe kimoja cha ubuyu na robo tatu ya kikombe cha sukari, chumvi chembe tu, na iliki kidogo. Ubuyu ule mweupe wa Dodoma, siyo wa rangi. Maji nachemsha, napoza yawe vuguvugu, naloweka ubuyu mpaka uachie mbegu, nachuja. Kabla ya kufunga kwenye vifuko naonja: juisi inatakiwa iwe tamu kuzidi kidogo vile ungependa kuinywa, kwa sababu ikishaganda ulimi unasikia utamu kidogo. Wanaoanza biashara wengi hukosea hapo. Juisi ni nzuri, barafu imepooza.

#4 Mpemba_Mjini

Swadakta bibie. Na ukwaju je? Wangu kila nikigandisha unajitenga, juu maji, chini matope.

#5 MamaBarafuMbagala

@Mpemba_Mjini kaka yangu, uchuje mara mbili, kisha uuchemshe kidogo na sukari yake. Wengine wanaweka kijiko cha konflawa iliyokorogwa pembeni na maji baridi ili ushikamane, inasaidia, ila usizidishe utapata uji wa ukwaju. Halafu friza isijazwe kwa mpigo. Ukipanga vifuko vya moto vingi pamoja vinachukua usiku kucha kuganda, na kadiri inavyoganda polepole ndivyo inavyojitenga na kutengeneza vipande vikubwa vya barafu ndani.

#6 Daktari_wa_Uswazi

Naomba niharibu sherehe kidogo.

Kugandisha hakuui vimelea. Watu wengi wanaamini kitu kikishakuwa barafu ni salama. Si kweli. Bakteria wa kuhara, wa kipindupindu wakiwemo, wanaweza kukaa ndani ya barafu wakiwa hai, wakisubiri tumbo lako liwape joto. Kinachowaua ni kuchemsha maji kabla, kama anavyofanya dada hapo juu. Mnunuzi huwezi kujua, kwa hiyo nunua kwa mtu ambaye jiko lake unalijua au mtaa unamjua.

La pili ni yale mabarafu makubwa ya kupasua kwa msumari. Yale ni ya kuhifadhia samaki. Yanaburuzwa sakafuni, yanapanda mkokoteni, yanavunjwa chini. Halafu unamkuta mtu wa juisi kando ya barabara kachukua kipande hichohicho kakitumbukiza kwenye ndoo ya miwa. Ukiona barafu ndani ya juisi haina umbo, ni vipande vilivyovunjikavunjika, muulize imetoka wapi. Akikasirika umeshapata jibu.

Na kile kifuko unachokiweka mdomoni, MvukaFeri, kioshe kwanza. Kimeshikwa na mikono mingapi?

#7 Kisoda_Cha_Soda

Dokta sasa tukale nini, hewa?

#8 MvukaFeri

😂 Dokta yuko sahihi. Mimi huwa nakipitishia maji ya chupa nje kabla sijang'ata. Watu wa foleni wananicheka, sijali.

#9 ToniWaUpanga

Napinga. Siyo msimamo wote, hapo kwenye maziwa ya mchana.

Mtoa mada anazungumzia aiskrimu ya mashine kana kwamba ndiyo kitu pekee cha maziwa mjini. Kulfi umeisahau? Kulfi haipigwi hewa. Maziwa yanachemshwa kwa moto mdogo na kukorogwa mpaka yapungue, kama nusu hivi, yanakuwa mazito yenye rangi ya krimu, ndipo vinaingia iliki, pistachio au lozi, zafarani kwa wenye uwezo. Inamiminwa kwenye vikopo inaganda imeshikamana. Kwa sababu ni nzito na imeshikamana inayeyuka taratibu sana. Nimekula kulfi ya kijiti mchana kweupe nikitembea kutoka Kisutu mpaka Posta, shati likafika safi.

Na mjini kati watu wamekula aiskrimu mchana tangu zamani. Waulizeni wazee waliokulia Dar kuhusu Sno-Cream ya Mtaa wa Mansfield. Mtoto akifaulu au Idi ikifika, anapelekwa kule mchana, anakaa mezani, anapewa bilauri ndefu iliyopambwa mpaka hajui aanzie wapi. Shida siyo saa, shida ni kula umesimama juani.

#10 MvukaFeri

@ToniWaUpanga kwenye kulfi nakubali, ile ni habari nyingine, nimeiona inavyovumilia. Lakini hiyo ya kukaa mezani chini ya feni inaunga mkono hoja yangu: umeitafutia kivuli ndipo ukaila. Mimi naongelea mtu aliye barabarani.

#11 BintiTanga

Mbona faluda hakuna aliyeitaja? Maziwa baridi, sharubati ya waridi, zile mbegu nyeusi zilizovimba kwenye maji zikawa kama mayai ya chura (samahani wanaokula sasa hivi), vipande vya china grass (jeli ya mwani), juu tonge la aiskrimu. Unaanza na kijiko unamaliza kwa mrija. Ramadhani siku hizi inatuangukia Februari na Machi, katikati ya joto hili hili. Baada ya tarawehe, mtu akikuletea bilauri ya faluda unamsamehe na deni.

Ila kwa kufuturia siishauri. Tumbo limekaa tupu toka alfajiri, ukalipiga na maziwa ya barafu kwa mkupuo, usiku huo utauona mrefu. Tende na uji kwanza.

#12 MzeeWaKongwa

Vijana mnahangaika. Sisi Dodoma joto likizidi tunakunywa chai ya moto yenye tangawizi. Unatoka jasho, mwili unapoa wenyewe. Wahenga hawakuwa wajinga.

#13 Daktari_wa_Uswazi

Shikamoo mzee. Kwa Dodoma nakubaliana na wewe kabisa. Kule hewa ni kavu, jasho likitoka linakauka, na katika kukauka ndipo linapochukua joto la mwili. Hapa pwani hewa imeshajaa unyevu, jasho halina pa kwenda, linabaki kutiririka. Ukinywa chai ya moto Manzese saa nane mchana unaongeza moto juu ya moto, halafu unabaki umelowa.

#14 MzeeWaKongwa

Marahaba. Basi hameni.

#15 Kisoda_Cha_Soda

Mzee kafunga mjadala 😂😂

#16 Nyali_Beach_Boy

Majirani hamjambo. Huku Mombasa kaskazi ni ileile, mnavyolia ndivyo tunavyolia. Jioni watu wanashuka Mama Ngina, upande wa Lighthouse, gari zimepangwa zimeelekea baharini. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, kisha barafu ya ukwaju ya kuzima moto wa ile pilipili. Hapo ndipo mi nitamtetea mtoa mada: baada ya pilipili, barafu kali ya ukwaju inasafisha mdomo vizuri kushinda kitu cha maziwa.

Ingawa wanasema maziwa ndiyo yanayotuliza pilipili. Mdomo wangu haujasoma hiyo kitabu.

#17 Mwana_wa_Malindi_Unguja

Sisi Unguja malai ya ubuyu (ndiyo hizo barafu zenu) hatungoji joto, mwaka mzima yapo. Mtoto akitoka skuli anapita nyumba ya jirani, dirishani kuna karatasi imeandikwa kwa kalamu MALAI YAPO, anagonga, anatoa pesa, anapewa. Hakuna duka hapo, ni friji ya mama wa watu tu.

Lakini mnatengeneza ya ubuyu na ukwaju mnasahau malai ya maziwa ya nazi. Tui zito, sukari, iliki, ukipenda kisamvu usitie (nafanya mzaha). Unachemsha kidogo kidogo usiache likatike, unapoza, unafunga. Mafuta yapo ya kutosha kwa hiyo linakuwa laini hata bila ya kupigwa. Hili kwa kanuni ya mtoa mada tuliweke mchana au usiku?

#18 MvukaFeri

@Mwana_wa_Malindi_Unguja hilo la nazi umeniweka pabaya. Mafuta linayo, kwa hiyo kanuni inasema usiku. Lakini liko kwenye kifuko, halimwagiki. Nadhani nitalila saa kumi na moja jioni, mpakani.

#19 Ughaibuni_Muscat

Nawasoma kutoka Oman. Nyinyi mnalia na 32? Huku majira yamegeuka, joto letu ni Juni mpaka Agosti, linapita 40 na haliombi radhi. Mchana mtu hatoki. Maisha ya vitu vya baridi yanaanza usiku: kando ya bahari Mutrah unaona familia nzima, bibi kizee kavaa kanga kabisa, wanakula aiskrimu saa nne usiku na watoto wanakimbia. Na kwenye nyumba za watu wenye asili ya Unguja na Pemba hukosi malai ya ubuyu kwenye friza, ubuyu unakuja na kila ajaye kutoka nyumbani. Mgeni akiwa hana ubuyu kwenye sanduku, heshima yake inapungua.

Kwa hiyo nusu ya pili ya kanuni, aiskrimu usiku, sisi huku tunaifuata bila kuambiwa.

#20 FundiFriji_Kimara

Niongeze la umeme maana ndilo linaloua hii kitu.

Umeme ukikatika saa nyingi duka halitupi mzigo. Koni zinalegea, umeme ukirudi zinaganda tena, zinauzwa. Utazitambua hivi: ndani ya karatasi kuna chenga za barafu, koni yenyewe imelegea kama mkate uliolowa, na aiskrimu imelala upande mmoja. Ukiila unasikia mchanga wa barafu ulimini. Irudishe bila aibu. Kwenye friza ya duka chagua za chini, siyo zile zilizorundikwa juu ya mstari wa kujaza, kule juu baridi haifiki vizuri hasa mlango unapofunguliwa kila dakika.

Wale mnaofikiria biashara ya barafu nyumbani, pigeni hesabu ya uniti kabla ya hesabu ya faida. Kuna lile kundi la matumizi madogo ya nyumbani, mwisho uniti 75 kwa mwezi, unalipa bei nafuu. Friza ya ukubwa wa kati kwa joto hili, ikifunguliwa kila mara na kuwekewa vitu vya vuguvugu, inaweza kula uniti moja na nusu mpaka mbili kwa siku. Jumlisha feni, tivii, taa, umeshapita 75. Ukihamishwa kundi, bei ya uniti inapanda karibu mara tatu. Nimewaona akina mama wanauza sana na mwisho wa mwezi hawaelewi hela imeenda wapi.

Kupunguza: friza iache nafasi ya kiganja kutoka ukutani ipumue, isikae jikoni karibu na jiko la mkaa, na mipira ya mlango ikilegea badilisha. Karatasi ukiibana mlangoni ikachomoka kirahisi, mpira umechoka. Na friza iliyojaa hukaa na baridi muda mrefu zaidi umeme ukikatika, kwa hiyo nafasi tupu jazeni chupa za maji.

#21 MamaBarafuMbagala

Fundi hapo kwenye uniti umenigusa penyewe. Mimi nilipohamishwa kundi nilipandisha barafu kutoka mia kwenda mia mbili, wateja wakanuna wiki moja, wakarudi. Joto halina mbadala.

#22 BintiTanga

Swali kwa wote. Vifuko. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019, hivi vya barafu vimebaki kwa sababu ni vifungashio. Lakini nenda nje ya geti la shule ya msingi yoyote saa nane mchana uone ardhi ilivyo. Hakuna njia nyingine?

#23 Mwana_wa_Malindi_Unguja

Zamani tulikula kwenye vikombe. Mama anagandisha kwenye vikombe vya plastiki na kijiti kati, unalipa, unakula palepale barazani kwake, unarudisha kikombe. Ndiyo maana watoto wa mtaa mzima walikuwa wanakutana hapo. Kwa anayeuza mtaani kwake inawezekana mpaka leo. Kwa MvukaFeri aliye kwenye foleni haiwezekani.

#24 ToniWaUpanga

Au wauzaji wakae na ndoo. Yule wa baiskeli ya koni mwenye kimuziki chake ana pa kuweka taka? Hana. Anapita, watoto wanamkimbilia, akiondoka karatasi zimebaki. Ndoo ndogo nyuma ya baiskeli siyo gharama.

#25 MamaBarafuMbagala

Mimi ndoo ninayo. Watoto wanatupa pembeni ya ndoo.

#26 Mpemba_Mjini

Mrejesho: ukwaju nimechuja mara mbili na kuchemsha kama nilivyoelekezwa. Asubuhi nimekuta umeshikamana vizuri, rangi moja juu mpaka chini. Watoto wamemaliza kabla sijaenda kazini. Shukrani bibie.

#27 Kisoda_Cha_Soda

Uzi wote huu mnataja Kariakoo, Posta, Upanga. Sisi wa Kimara na Mbezi tunakula wapi barafu ya ubuyu ya uhakika? Dokta kashatutia hofu, hatununui tena popote.

#28 MvukaFeri

@Kisoda_Cha_Soda tafuta nyumba yenye watoto wengi nje na friza sebuleni. Nenda mara ya kwanza ununue moja tu, uangalie: je, unga umetuama chini ya kifuko? Ni ubuyu wa kweli. Je, muuzaji anakutolea kwa mkono uliotoka kuparua samaki, au anafuta mkono kwanza? Je, watoto wake mwenyewe wanakula? Hicho cha mwisho ndicho kipimo changu kikubwa. Asiyewapa wanawe anajua kitu.

#29 MamaBarafuMbagala

Kwa wa Mbagala, Rangi Tatu, napatikana kila siku kuanzia saa tano asubuhi. Ubuyu, ukwaju, maziwa, na wiki hii najaribu ya nazi ya huyo ndugu wa Unguja. Wa shughuli na harusi tuambizane mapema, siku mbili kabla.

#30 FundiFriji_Kimara

Dada matangazo yana jukwaa lake 😂 ila niwekee kumi za nazi, Jumamosi nina kazi huko.

#31 MamaBarafuMbagala

Zimewekwa kaka. Uje na kifaa, mpira wa mlango wangu ile karatasi inachomoka.